Ruzuku ya dola bilioni 42: uchambuzi wa kisa cha mashirika matatu ya Marekani na matatu ya Ghuba, 2015–2018

Kisa hiki kinahusu mgogoro ambao mashirika matatu ya ndege ya Marekani (Delta, United na American) yaliyashutumu matatu ya Ghuba (Emirates, Etihad na Qatar Airways) kwa kupokea ruzuku za serikali zao. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoshughulika na sera ya usafiri wa anga, ushindani wa biashara na mashirika ya umma. Majina ya watu yameondolewa. Kila mhusika anatajwa kwa nafasi yake. Mashirika na serikali zimebaki kwa majina kwa sababu mgogoro wenyewe uliendeshwa hadharani.

Usuli

Mwaka 1992 Marekani ilitia saini na Uholanzi mkataba wake wa kwanza wa anga huria. Chini ya mkataba wa aina hiyo serikali mbili huacha kugawiana idadi ya safari na kupangiana nauli. Shirika la upande wowote huruka kwenda mji wowote wa upande wa pili, mara nyingi kadiri linavyotaka, kwa nauli linayoona inalipa. Mikataba kama hiyo na Falme za Kiarabu na Qatar ilifuata karibu na mwanzo wa miaka ya 2000.

Wakati huo Ghuba haikuwa tishio kwa mtu. Emirates ilianza mwaka 1985 kwa mtaji wa dola milioni 10 kutoka serikali ya Dubai, ikirusha ndege za kukodi kutoka Pakistan. Qatar Airways ilikuwa changa bado. Etihad ya Abu Dhabi ilizaliwa 2003, baada ya mkataba. Waliofaidi mapema walikuwa wasafirishaji wa mizigo wa Marekani, hasa FedEx, iliyojenga kituo chake Dubai kwa kutegemea uhuru huo huo.

Miaka kumi baadaye hali ilikuwa nyingine. Dubai, Abu Dhabi na Doha ziko mahali ambapo ndege moja ya masafa marefu inaweza kufika karibu kila bara bila kutua njiani. Abiria wa Hyderabad anayekwenda Dallas, au wa Dar es Salaam anayekwenda Houston, hubadilisha ndege mara moja tu. Kabla ya hapo, wengi wa abiria hao walipitia London, Frankfurt au Amsterdam, wakiwa mikononi mwa mashirika ya Ulaya na washirika wao wa Marekani. Kila mmoja aliyehamia Doha au Dubai alikuwa abiria aliyepotea kwa upande huo.

Kuna jambo moja zaidi lililowauma Wamarekani kuliko yote: uhuru wa tano wa anga. Haki hii huliruhusu shirika kubeba abiria kati ya nchi mbili ambazo hakuna hata moja iliyo yake, mradi safari ianzie au iishie nyumbani kwake. Oktoba 2013 Emirates ilianza kuipeleka ndege ya Dubai hadi New York kupitia Milan, na kuuza tiketi za Milan–New York peke yake. Sasa haikuwa tena habari ya abiria wa India. Shirika la Ghuba lilikuwa limeingia katika njia ya bahari ya Atlantiki, ambako Delta, United na American, pamoja na washirika wao wa Ulaya, walipata fedha nyingi.

Matukio kwa mfuatano wake

Mwanzoni mwa 2015, Delta, United na American walikabidhi serikali ya Marekani ripoti ya kurasa 55, wakaitoa hadharani mwezi Machi. Walidai kwamba tangu 2004 serikali za Falme za Kiarabu na Qatar zilikuwa zimeyapa mashirika yao matatu zaidi ya dola bilioni 42 kwa njia ya mikopo isiyo na riba, mitaji, dhamana, ardhi na nafuu za ada za viwanja. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliangukia Etihad na Qatar Airways. Kwa Emirates dai lilikuwa dogo zaidi, na lililosikika sana ni dola bilioni 2.4 za hasara ya mikataba ya kufunga bei ya mafuta mapema, iliyodaiwa kubebwa na kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Dubai bei ya mafuta ilipoporomoka 2008.

Ombi lao lilikuwa na vipande viwili: serikali iitishe mashauriano rasmi na nchi hizo mbili, na wakati mazungumzo yakiendelea, mashirika ya Ghuba yasiruhusiwe kuongeza safari mpya.

Majibu yalikuja haraka. Mei 2015 Etihad ilitoa utafiti uliofanywa kwa gharama yake, ukidai kwamba mashirika hayo matatu ya Marekani yenyewe yalikuwa yamenufaika na zaidi ya dola bilioni 70 tangu 2000, sehemu kubwa ikitokana na ulinzi wa mahakama za ufilisi, unaomkinga mdaiwa dhidi ya wadai huku akipanga upya madeni yake. Mwisho wa Juni Emirates ilijibu kwa mamia ya kurasa, ikakana kupata ruzuku na kusema kwamba hasara ya mafuta iliilipa kwa fedha zake yenyewe.

Wizara tatu za Marekani zilikuwa zimekwisha kufungua jalada la kupokea maoni, na hapo ndipo mpasuko wa ndani ulipojitokeza. Mashirika mengine ya Marekani, yaani FedEx, JetBlue, Hawaiian na Atlas Air, yalisimama upande wa pili na kutaka mikataba isiguswe. FedEx ilihofia kituo chake. JetBlue ilikuwa ikipokea abiria wa Emirates na kuwasambaza miji ya ndani. Sekta ya utalii nayo ilipinga. Nyuma yao wote alikuwapo mtengenezaji wa ndege: mwaka 2013, katika maonyesho ya Dubai, Emirates ilikuwa imetangaza oda ya ndege 150 za Boeing 777X.

United ilifunga safari ya Washington–Dubai Januari 2016, baada ya mkataba wa kuwasafirisha watumishi wa serikali ya Marekani katika njia hiyo kuchukuliwa na JetBlue, iliyouza viti vilivyo ndani ya ndege za Emirates. Delta ikafunga Atlanta–Dubai mwezi uliofuata. Juni mwaka huo huo Qatar Airways ilitua Atlanta, nyumbani kabisa kwa Delta. Serikali ya Marekani iliishia kwenye mazungumzo yasiyo rasmi, na hakuna safari iliyozuiwa.

Machi 2017 Emirates ilianza safari ya Dubai–Athens–Newark. Kwa kuwa ni njia moja tu, tuitazame kwa karibu. Mashirika ya Marekani yaliunganisha Ugiriki na eneo la New York moja kwa moja wakati wa majira ya watalii tu; baridi ikiingia, yaliondoa ndege. Serikali ya Ugiriki na uwanja wa Athens walikuwa wakitafuta shirika la kuruka mwaka mzima, na Emirates ikakubali. Kwa Mgiriki wa New Jersey anayetaka kumzika mzazi wake Januari, hii ilikuwa ndege ya kwanza ya moja kwa moja baada ya miaka ya kubadilisha njiani. Kwa washindani, ilikuwa ushahidi kwamba shirika lenye serikali nyuma yake linaweza kurusha ndege katika miezi ambayo wengine wanaona hailipi. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo upepo uligeuka kwa sababu zisizohusiana na ripoti. Marekani ilipiga marufuku kompyuta za mkononi ndani ya ndege zinazotoka viwanja kumi, vikiwemo Dubai, Abu Dhabi na Doha. Emirates ikapunguza safari za miji mitano kati ya kumi na miwili ya Marekani, na faida yake ya mwaka ulioishia Machi 2017 ilikuwa imeshuka kwa asilimia 82. Etihad ilitangaza hasara ya dola bilioni 1.87 kwa 2016, huku Alitalia ya Italia na Air Berlin ya Ujerumani, ilikowekeza mabilioni, zikianguka moja baada ya nyingine. Mwezi Juni Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri ziliifungia Qatar anga na mipaka.

Januari 30, 2018, Marekani na Qatar zikatangaza maelewano. Mei 11 Falme za Kiarabu zikafuata.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio uliopanga mengine yote, ni mahali pa kupeleka malalamiko. Shirika la Biashara Duniani halikuwa na msaada, kwa sababu makubaliano yake ya huduma yanaziweka haki za kuruka nje ya mamlaka yake, na kanuni zake za ruzuku zinahusu bidhaa. Ikabaki mikataba ya anga huria yenyewe. Humo neno ruzuku linaonekana katika kifungu cha nauli, kinachozungumzia nauli zilizoshushwa isivyo kawaida kwa msaada wa serikali. Kifungu cha ushindani kinasema tu kwamba kila upande utoe nafasi ya haki na sawa ya kushindana. Mashirika ya Marekani yaliegemea kifungu hiki cha pili. Yale ya Ghuba yakajibu kwamba nafasi ya haki na sawa haijawahi kumaanisha usawa wa mitaji.

Palikuwapo njia nyingine. Sheria ya Marekani ya 1974 inaliruhusu shirika kupeleka malalamiko rasmi Wizara ya Uchukuzi dhidi ya ushindani wa kigeni usio wa haki. Njia hiyo ina utaratibu na ina hukumu. Mashirika matatu hayakuitumia, yakachagua njia ya siasa: Bunge, vyama vya wafanyakazi, matangazo, barua za magavana. Naielewa sababu. Katika malalamiko rasmi lazima uonyeshe umeumia kiasi gani, na mwaka 2015 American ilitangaza faida ya dola bilioni 7.6, United bilioni 7.3 na Delta bilioni 4.5. Ni kweli sehemu ya faida hiyo ilitokana na marekebisho ya kodi vitabuni, lakini hakimu gani angesikiliza kilio cha majeraha kutoka kwa mwenye afya namna hiyo?

Uamuzi wa pili ni kuomba safari zisimamishwe kabla ya ushahidi kupimwa. Hili liliwatia hofu hata watu ambao hawakuwa na mapenzi na Ghuba, kwa sababu Marekani ina mikataba ya namna hii na nchi zaidi ya 100. Ukiifungia nchi moja anga bila kufuata mkataba, umewafundisha wengine wote namna ya kukufungia wewe. FedEx ilishika hoja hiyo na haikuiachia.

Upande wa Ghuba, Etihad iliamua kushambulia historia ya mlalamikaji. Baada ya Septemba 2001 Bunge la Marekani lilitoa dola bilioni 5 taslimu kwa mashirika ya ndege na kutenga dhamana za mikopo za hadi dola bilioni 10. United ilikaa chini ya ulinzi wa mahakama kuanzia 2002 hadi 2006, na ndani ya muda huo ikautupia mfuko wa bima wa serikali mzigo wa pensheni wa mabilioni ya dola, ambao ndio ulikuwa mkubwa kupata kutokea hadi wakati huo. Delta iliingia mahakamani 2005, American 2011. Kisheria, ulinzi wa mahakama na fedha za mfalme ni vitu viwili tofauti. Mkopeshaji wa United alipoteza fedha zake, mwenye hisa akafutwa, rubani akakatwa pensheni. Ruzuku haimwumizi mtu wa ndani namna hiyo. Lakini hoja haikuhitaji kushinda mahakamani. Ilihitaji tu kumfanya mbunge asite, na akasita.

Serikali ya Marekani nayo ilichagua kutolitamka neno ruzuku. Ilikuwa na jeshi Al Udeid nchini Qatar na Al Dhafra karibu na Abu Dhabi, na viwanda vya ndege nyumbani. Maelewano ya 2018 hayakusema nani alikosea.

Matokeo

Qatar iliahidi kwamba ndani ya mwaka mmoja Qatar Airways itachapisha ripoti ya mwaka yenye hesabu zilizokaguliwa kwa viwango vya kimataifa, na ndani ya miaka miwili itaweka wazi miamala mikubwa mipya na mashirika ya serikali na kuhakikisha inafanyika kwa masharti ya kibiashara. Kuhusu uhuru wa tano, ilisemwa kwamba shirika halina mpango kwa sasa wa kuanzisha safari za namna hiyo kwenda Marekani. Falme za Kiarabu walitoa ahadi zinazofanana kuhusu uwazi.

Maneno "kwa sasa" yalizua ugomvi mpya mara Falme za Kiarabu zilipoafikiana na Marekani. Mashirika ya Marekani yalitangaza kwamba safari za uhuru wa tano zimesimamishwa. Ubalozi wa Falme za Kiarabu ukasema hakuna kilichosimamishwa na haki zote zipo palepale. Milan na Athens ziliendelea kuruka.

Kisha Qatar Airways ikaonekana kwa mlango mwingine. Ilikuwa imenunua asilimia 49 ya kampuni mama ya shirika la Kiitaliano lililopewa jina la Air Italy, lililoanza kuruka Marekani mwaka 2018. Delta ikasema hiyo ni njia ya kuikwepa ahadi ya uhuru wa tano, na kwamba maelewano yamevunjwa. Air Italy ilikufa yenyewe Februari 2020.

Mwezi huo huo American ilitangaza ushirikiano wa kimkakati na Qatar Airways. Septemba 2022 United ikafanya hivyo na Emirates, na Machi 2023 ikarudi Dubai. Julai 2024 Delta ilitia saini hati ya maelewano na Riyadh Air, shirika jipya linalomilikiwa moja kwa moja na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Walalamikaji wote watatu wakawa washirika wa mashirika yenye serikali nyuma yake.

Katikati ya hayo ilipita korona. Marekani ilitoa takriban dola bilioni 54 kwa mashirika yake ya abiria kwa awamu tatu ili yalipe mishahara. Qatar iliipa Qatar Airways karibu dola bilioni 2, Dubai ikaipa Emirates zaidi ya bilioni 3. Tunazijua namba hizi mbili za mwisho kwa sababu zilitoka katika taarifa za wazi za mashirika na serikali zao.

Kilichofanya kazi

Ahadi ya kufungua vitabu ilidharauliwa sana wakati ule. Wengi waliiona ni zawadi ya kumfariji aliyeshindwa. Mimi naipa uzito mkubwa kuliko kitu kingine chochote kilichopatikana. Kabla ya hapo walalamikaji walilazimika kutumia wachunguzi kwa karibu miaka miwili kutafuta vipande vya hesabu. Emirates ilikuwa ikichapisha hesabu zake tangu zamani. Ilipofika zamu ya Doha, mkopeshaji, mshindani na mwandishi wa habari wote walipata mahali pa kuanzia.

Ulaya ilijifunza kutokana na kisa hiki kuliko Marekani yenyewe. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kulinda ushindani katika usafiri wa anga, yenye utaratibu wa malalamiko na uchunguzi. Oktoba 2021 ukatia saini na Qatar mkataba mpana wa anga ambao masharti ya ushindani wa haki na uwazi wa hesabu yameandikwa ndani. Kilichoombwa Washington baada ya ugomvi, Brussels ilikidai kabla ya kufungua mlango wote.

Kilichoshindikana

Namba ya bilioni 42 ilikuwa kubwa mno na imechanganywa mno. Mtaji unaowekwa na mmiliki, mkopo usiorudishwa, riba iliyookolewa kwa dhamana ya serikali, ardhi ya bure na uwanja mzuri wa ndege vyote vilijumlishwa. Msomaji aliyekubali kwamba mkopo usiorudishwa ni ruzuku aligomea kukubali kwamba uwanja mzuri ni ruzuku, na akiukataa uwanja, alianza kuutilia shaka na ule mkopo. Laiti wangeipeleka Etihad peke yake, kwa kipengele kimoja cha mikopo ya mmiliki, ushahidi ungesimama imara. Shirika lililopoteza zaidi ya dola bilioni 4.6 kwa miaka mitatu, 2016 hadi 2018, na likaendelea kuruka, halihitaji maelezo marefu. Badala yake waliifunga kamba moja na Emirates, iliyokuwa na faida, hesabu za wazi na gawio kwa mmiliki, na Emirates ndiyo iliyowajibia wote.

La pili, hawakutenganisha madhara na hasira. Abiria wa India kupitia Dubai hakuibwa. Alipewa safari fupi zaidi. Ilipaswa kuonyeshwa ni njia zipi ambazo viti vilijazwa kwa bei isiyolipa gharama, na nani alifunga safari kwa sababu hiyo. United ilipoondoka Dubai ilitaja mkataba wa serikali uliochukuliwa na JetBlue, shirika la Marekani, kwa zabuni.

Kwetu Afrika Mashariki kisa hiki hakiko mbali. Mashirika ya taifa ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda yote yanategemea hazina kwa namna moja au nyingine, yanashindana na mashirika hayo hayo ya Ghuba, na yanashindana yenyewe kwa yenyewe na hata na kampuni binafsi za ndani. Nairobi ikilalamika juu ya Doha, hoja ya Etihad ya 2015 itarudi siku hiyo hiyo: na deni lenu lililobebwa na serikali, je? Kampuni binafsi ya Dar es Salaam au Mombasa inayoshindana na shirika la taifa lake yenyewe iko pabaya zaidi, kwa sababu haina serikali ya kuisemea. Mwamuzi na mmiliki wa mpinzani wake ni mtu mmoja. Kwa kampuni hiyo, ripoti ya mkaguzi mkuu wa serikali inayosomwa bungeni kila mwaka ni nyaraka muhimu inayoonyesha ni fedha kiasi gani za umma zimeingia kwenye ndege inayoruka saa moja na yake. Mahali ambapo ripoti hiyo inataja ruzuku kwa kiasi, kwa mwaka na kwa kazi iliyolipiwa, mshindani anaweza kujenga hoja. Inapotaja jumla tu, au inapoyaacha mapatano ya kukodishana ndege kati ya taasisi mbili za serikali bila bei ya soko ya kulinganisha, hawezi.